Ushuhuda wa Mama Chiriku

Dada yangu ana ulimi wa asali kanisani na wa pilipili dukani. Nina haki ya kusema hivyo, maana nimefanya naye kazi ya udobi miaka kumi na mitano, meza yake na yangu zikitazamana. Ukileta shati lenye doa la wino ukaapa kwamba hujui lilitoka wapi, atakuuliza kama ni shati lenyewe lililokwenda shule.

Wateja humwita Mama Chiriku. Chiriku alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, na jina hilo tulimpa kwa sababu alianza kuongea kabla meno hayajatimia, na akishaanza hanyamazi. Alikuwa na miaka minane gari la maji liliporudi nyuma karibu na lango la shule bila dereva kutazama. Dereva alifungwa miaka mitatu. Mtoto tulimzika, lakini jina lilibaki kwa mama yake, likiitwa mara ishirini kwa siku na watu waliofuata suruali zao.

Mwaka wa kwanza watu walikuja kumfariji. Mwaka wa pili wakachoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huzuni nayo ni hivyo hivyo, ikizidi siku zake watu hutaka kuipa jembe. Dada aliwaona akina mama wakigeuza njia anapokaribia. Ndipo Jumapili moja mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, akasimama.

"Bwana asifiwe! Yule dereva aliyemuua mwanangu nimemsamehe kabisa. Yesu ameniweka huru."

Kanisa zima lilisimama. Vigelegele, makofi, watu wanalia, akina mama wanamkumbatia kwa zamu. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha. Tangu hapo akawa anaalikwa huku na huku, kila kongamano anaitwa yeye, na kiongozi wa akina mama akimpimia dakika tano kwa saa ya mkononi. Mtu mmoja akamrekodi, na sauti yake ikazunguka kwenye simu za watu tusiowajua.

Haikuwa kweli. Nililijua hilo kwa sababu kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, dada hupiga magoti nyuma ya kapu la nguo chafu na kuomba kwa sauti, na mimi si kiziwi. "Mungu," alikuwa akisema, "yule mtu asimshike mtoto wake mwenyewe mikononi. Na akimpata asimkuze." Kisha anasimama, anajikung'uta magoti, anawasha pasi.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. "Dada, ombi hilo na ule ushuhuda vinakaaje kwenye mdomo mmoja?"

Alikunja mashati mawili kabla ya kujibu. "Unadhani sijui? Nilisema nikitumaini nikishasema itakuwa kweli. Nimefunga, nimekesha, nimewekewa mikono. Nakwenda na chuki hii mbele, narudi nayo. Sasa nikawaambie nini? Kwamba nimedanganya madhabahuni?"

Miaka minne tulikaa hivyo, yeye amenaswa na mimi namtunzia siri. Nilikuwa namhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, na vyote viwili havikumsaidia kitu.

Alhamisi moja, kwenye saa nne asubuhi, mwanamume aliingia na shati jeupe ndani ya mfuko. Mimi sikumtambua. Dada alimtambua, maana alikaa mahakamani siku zote akimtazama kisogo.

"Shikamoo, mama."

Dada aliendelea kupiga pasi.

"Mimi ndiye yule dereva."

"Najua."

Alibaki amesimama, mfuko kifuani. Alieleza kwamba aliusikia ushuhuda kwenye simu ya mfanyakazi mwenzake, akaomba atumiwe, akausikiliza mara nyingi hata hakumbuki ngapi. Ndio uliomfikisha kanisani. Jumapili angebatizwa.

"Lakini sikuja kwa sababu ya shati," alisema. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba, na hapati usingizi. Anasema mtoto kwa mtoto, Mungu atamchukua wetu. Nikamwambia, kama mama mwenyewe amesamehe, Mungu atashikilia nini? Haniamini. Naomba uniambie kwa mdomo wako, mama, nikamwambie nimesikia kwa masikio yangu."

Neno moja tu lingetosha. Dada angesema ndiyo, mke wa mtu angepata usingizi, na sisi tungeendelea kupiga pasi. Nilitaka adanganye. Nakiri hilo mbele za Mungu, kwamba nilimkonyeza dada yangu adanganye.

Aliisimamisha pasi.

"Sijakusamehe. Hata siku moja. Ule ushuhuda ni uongo. Kila asubuhi naomba usimshike mtoto wako."

Dereva alitafuta kiti kwa macho, hakikuwepo, akakaa juu ya bunda la mashuka ya nyumba ya wageni. Akasema kwa sauti ndogo, "Sasa mimi nitabatizwaje?"

"Na mimi nilibatizwaje?" dada akasema.

Siku nyingine ningecheka. Mteja mmoja akachungulia mlangoni kuulizia koti lake, nikamwambia arudi kesho, akaniambia niliahidi leo, nikamfungia mlango usoni.

Nilipogeuka, dada alikuwa amepiga magoti pale pale, katikati ya henga za kutundikia nguo zilizoanguka. Hakuwa na ile sauti yake ya kongamano.

"Yesu," alisema, "wewe uliwaombea waliokuua, misumari ikiwa bado mikononi mwako. Huyu wangu amekuja na shati tu, na siwezi. Nikitaka siwezi, na mara nyingi hata kutaka sitaki. Nimewadanganya watu wako kwa jina lako. Ukisubiri niweze mwenyewe nitakufa hivi hivi. Nitoe humu."

Dereva alikuwa ameinama, mfuko wa shati mapajani.

"Mtoto wake aishi," dada alisema. Akavuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. "Sitaki, Bwana. Lakini aishi."

Hakumgusa yule mtu, wala hakumtazama alipoinuka. Shati nililipiga pasi mimi, kwa sababu dada alisema mkono wake hauwezi, na safari hiyo sikuwa na sababu ya kubishana naye. Dereva alilipokea kwa mikono miwili. "Nitamwambia mke wangu ulivyosema," alisema. "Yote."

Jumapili alibatizwa kanisani kwetu. Dada akaitwa kutoa ushuhuda wake, nani tena angeitwa siku kama ile? Akasema, "Ndugu zangu, nilidanganya. Sijamsamehe. Nimemwambia Yesu siwezi, na ninyi niombeeni." Akakaa. Hakumaliza hata dakika moja kati ya zile tano, na mwimbishaji hakujua aanzishe wimbo gani. Makongamano yakaacha kumwita. Akina mama wawili watatu wakarudia tabia yao ya kugeuza njia.

Ombi la zamani sikulisikia tena. Badala yake kila siku, akishalaza shati la kwanza mezani, alisema yale aliyoyasema mbele ya dereva: "Sitaki, lakini aishi." Mtoto alipozaliwa, msichana, mzima kabisa, dereva alituma ujumbe. Dada aliusoma, akaenda kulala, na hakuamka kuja kazini siku mbili. Siku ya tatu akaja, macho yamevimba, akalaza shati, akasema yale yale.

Nilimuuliza, "Dada, uhuru gani huu?"

"Sijui," alisema. "Ila asubuhi simwogopi tena Mungu."

Miezi ikapita. Jumatatu moja tulikuwa tumezidiwa na sare za shule, marundo hadi dirishani, nami nikamsikia upande wa pili akinong'ona, "Aishi." Lile "sitaki" la kutangulia sikulisikia, nikasubiri huenda litafuata. Halikuja. Yeye mwenyewe hakugundua, alikuwa anahangaika na kola iliyojikunja. Niligeukia ukuta nikalia, na shati la mtoto wa watu likaungua chini ya pasi yangu.