Kisiwa cha Mwalimu Shuaib na Kisima Kisicho na Jina

Saa moja na nusu asubuhi, mabati ya darasa yameshaanza kuchoma katika kambi ya Hagadera, karibu na Dadaab. Mwalimu Shuaib Hirsi anagonga ramani ukutani kwa kijiti. Watoto themanini na wanne, waliobanana mchangani, wanaitikia kwa kishindo.

"Mlima mrefu kuliko yote?"

"Te Manga!"

"Mji mkuu?"

"Avarua!"

Mlima huo uko Rarotonga, kisiwa kilichozaliwa na volkeno katikati ya Bahari ya Pasifiki. Watoto hawa ni wakimbizi kutoka Somalia. Wengi hawajaiona bahari hata siku moja. Maji wanayoyajua ni ya bomba, na huyapata kwa kupanga foleni.

Vitabu vya msaada vilipofika mwaka 1994, darasa la Shuaib lilipata sanduku moja. Ndani mlikuwa na vitabu arobaini, vyote nakala za kitabu kimoja: jiografia ya kisiwa hicho. Cha Kenya hakuna, cha Somalia hakuna.

"Ningefanya nini, nivirudishe?" anauliza na kucheka. "Nilikuwa nachora ramani mchangani. Upepo ukija, unafuta Afrika yote."

Shuaib, mwenye miaka 43, hakusomea ualimu. Alikuwa karani wa kupima mifugo bandarini Kismayu, na huko ndiko alikookota Kiswahili kwa mabaharia wa Lamu. Vita vilimleta kambini mwaka 1992 akiwa na mkewe Qali, watoto watatu na kalamu moja. Posho yake ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Qali huuza chai ya maziwa ili chakula kisikatike.

Kile kitabu alikipenda. Kisiwa chenyewe unakizunguka kwa gari kabla saa moja haijaisha, lakini kila kilele na kila bonde lina jina. Ardhi imekatwa vipande kutoka mlimani hadi baharini, kila kipande na jina lake na ukoo wake. Wazee huko hutaja mababu zao mpaka wafike kwenye mtumbwi uliowaleta.

"Nikasema, wallahi, hawa ni jamaa zetu. Kwetu mtoto hajajua kuvaa viatu, lakini babu kumi anawataja."

Mapema mwaka huu wa 1996 aliwaambia wanafunzi wachore kwao. Idman, msichana wa miaka tisa aliyeletwa kambini akiwa mdogo, alichora mlima katikati, mabonde ya kijani, barabara ya mviringo na bahari pande zote. Ufukweni akaweka ngamia watatu.

Shuaib alimpa tisa juu ya kumi.

"Niliona kazi safi. Kosa sikuliona," anasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Aliyeliona ni Sharifo, bibi yake Idman. Kesho yake aliingia darasani na karatasi mkononi, bila hodi.

"Maalim, haya maji ni ya nini?"

"Ni bahari, ayeeyo," Shuaib akamjibu, yaani bibi.

"Bahari! Kama kwetu kuna bahari, mbona watu walikufa kwa kiu njiani? Na ngamia wangu hawa wataenda malishoni kwa kuogelea?"

Darasa likaangua kicheko. Idman akainamisha kichwa.

"Tena umempa tisa," bibi akaendelea. "Hiyo moja umemnyima kwa nini? Samaki hawakutosha?"

Alipoondoka, Shuaib aliuliza ni nani anajua jina la kisima ambacho mifugo ya kwao ilinywea maji. Mikono kumi na moja tu ndiyo iliyoinuka.

"Majina ya watu tulikuja nayo," anasema. "Ya mahali tuliyaacha, kwa sababu tulikuwa tunakimbia."

Siku hizi kila Alhamisi Sharifo huketi juu ya mtungi wa plastiki mbele ya darasa, akiwapitisha watoto kisima kwa kisima kutoka mji wa Afmadow hadi kwao. Wao huandika nyuma ya makaratasi ya maboksi. Wakienda mbio huwakemea: "Polepole! Hapo mmeacha ndama nyuma."

Msimamizi mmoja wa masomo alimwambia Shuaib kwamba visima vya Somalia havimo katika mtaala.

"Na Te Manga umo?" Shuaib akamuuliza. Yule mtu akafunga faili lake.

Hadi sasa wana majina thelathini na moja. Shuaib anataka kuyafanya kitabu kama kile cha kisiwa, nakala arobaini, kiwe tayari kabla watu hawajaanza kurudi. Lakini pana pengo. Baada ya kisima cha El Gaduud kuna kingine ambacho jina lake limemtoka Sharifo kabisa. Hapo ndipo Idman alipozaliwa.

"Mti wake naujua. Maji yake yana chumvi kidogo," anasema bibi huyo. "Jina nimelitafuta mpaka kichwa kinauma."

Kila lori la wakimbizi wapya likifika, Shuaib huwa hapo na daftari lake, akiuliza. Watu wawili wamempa majina mawili tofauti. Mara zote mbili Sharifo alitikisa kichwa, na Shuaib hakuandika kitu.

Ukutani, kando ya Rarotonga, imening'inia ramani mpya iliyochorwa kwenye magunia ya unga. Karibu na El Gaduud kuna nukta tupu, na ngamia watatu wa Idman. Jina likipatikana, Shuaib anasema, Idman ndiye atakayeliandika kwa mkono wake. Nafasi amemwachia pana.

"Majina yetu ni marefu," anasema.