Ng'ombe Aliyewahiwa na Kisu

Mjomba alijulikana pale Pongwe kwa jambo moja: hakuwa mtu wa kushauriana. Wafugaji wenzake wakiwa bado wanabishana kama mitamba iuzwe au isubiri mvua, yeye ameshauza, ameshanunua mingine, na banda ameshalipiga chokaa. Nilimpenda kwa hilo, na hilo hilo lilikuwa likinitisha.

Siku ile ng'ombe wake wa maziwa alikamuliwa asubuhi akiwa mzima, na kabla ya adhuhuri akawa anatetemeka na kuyumba. Mkewe akasema aitwe bwana mifugo. Mjomba alikuwa ameshashika kisu. Kwetu mnyama akifa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi, na mjomba hakuwa mtu wa kufukia ng'ombe mzima. Akamlaza kuelekea kibla, akapiga bismillahi, akachinja. Damu ilitoka nyeusi na ikakataa kuganda. Niliitazama ikitiririka mpaka kwenye majani ya malisho. Majirani waligawiwa, na mimi nikarudi kwangu Chumbageni na mfuko wangu wa nyama.

Siku chache baadaye mjomba alitokwa na kipele mkononi, kikageuka kidonda cheusi kisichouma. Mkono ukavimba mpaka begani. Bwana mifugo alipopita na kusikia habari za yule ng'ombe, alisema ni kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoua hata watu, na kwamba mjomba aende hospitali saa ile ile. Hapo mtu asiyejua kungoja akaanza kungoja. Mara apake asali kwanza, mara baada ya swala ya Ijumaa, mara maziwa atayapeleka nani mjini. Nilipokuja kumwona nilikasirika hata nikashindwa kukaa naye chumba kimoja.

Mkewe alisimama mlangoni, hakupandisha sauti.

"Ng'ombe ulimuwahi, mume wangu. Wewe nani atakuwahi?"

Akainuka. Tukampakia kwenye bajaji.

Daktari aliutazama mkono kidogo tu, kisha akauliza ile nyama ilikwenda wapi. Mjomba akaanza kutaja majirani, nyumba kwa nyumba, sauti ikimpungua, mwisho akanitazama mimi. Nyama yetu aliikata binti yangu, na asubuhi ile nilikuwa nimemwacha kitandani ana homa.