Kaburi la Lukas Chini ya Maji

Ukiwa ufukweni Musoma utakiona kisiwa chenyewe, kidonge tu. Bandika maji ya ugali, ukizunguke chote, urudi hayajachemka. Kaskazini ni majabali matupu, meupe kwa mavi ya ndege. Kusini palikuwa na ulimi wa udongo mweusi, laini, jembe linazama lenyewe. Penina, aliyeolewa hapo akitokea Kabasa, miaka ishirini na mbili alilimaga mihogo huko, na huko huko akamzika mumewe Lukas.

Yusto, mdogo wa marehemu, alitaka kaka yake azikwe juu majabalini, arundikiwe mawe kama babu zao. Penina akakataa katakata.

"Nimfunike mawe kama mbwa? Hapana, shemeji. Atalala kwenye udongo."

Basi Yusto mwenyewe akashika jembe, akachimba huku analia.

Halafu ikaja ile miaka ya mvua, ziwa likajaa. Maji yakala mihogo, yakala msalaba, yakala ulimi wote. Kilichobaki ni majabali na kibanda cha Penina, na majabali ndiyo mahali pazuri kupita pote pa kuanikia dagaa. Yusto akakitaka kisiwa.

Ukoo ukakaa kikao palepale juu ya mawe. Kwa ukoo ule kaburi ndilo hati: mjane asiye na mtoto hukaa alipo mumewe, na kama mume hayupo, anarudi kwao.

"Haya, shemeji, tuonyeshe kaburi la kaka," Yusto akasema, macho makavu.

Jamani, binadamu! Penina akakaza kanga, akaingia ziwani mpaka maji yakamfika kifuani, akasimama.

"Yuko hapa, chini ya miguu yangu! Na wewe ndo ulichimba!"

"Mi nilichimbaga mengi. Hapo naona maji tu."

Penina akawageukia wazee. Wote walikula ugali wa msiba ule, na mzee Revocatus ndiye aliyeongoza sala. Lakini Yusto alishawagawia kila mmoja jabali lake la kuanikia, shenzi kabisa.

"Toka majini, mama, utashikwa na baridi," Revocatus akasema, tena kwa upole.

Hakutoka. Alijua akinyanyua mguu tu, mahali pale hatapapata tena. Ikabidi vijana wawili waingie wamnyanyue.