Masharti Niliyoyasoma Mistari Miwili

Mwenye banda la gemu pale Katoro, upande wa nguo za mitumba, amefariki. Nilisikia nikiwa kwenye mashine ya kusaga, debe la mahindi miguuni. Jamaa wa bodaboda alimwambia mwenye mashine kwamba yule mzee wa gemu kaanguka asubuhi, wakamkimbiza hospitali lakini hawakumuwahi. Mwenye mashine akasema "maskini," akaendelea kumimina. Mimi nikasubiri unga wangu, nikaubeba, nikafika nyumbani nikasonga ugali. Nyinyi mnaosoma safu hii kwenye gazeti letu la ukutani mnajua kwamba naandika kwa sababu kusema siwezi. Safari hii hata kuandika naandika kama mtu anayenakili ubaoni. Sijalia. Mama ameniuliza kama naumwa, nikamjibu hapana, na kweli nikijipapasa sioni panapouma.

Hakuwa ndugu yangu. Mkewe anapika vitumbua mbele ya banda, nami nilikuwa mnunuzi wake wa kila siku, basi nikazoeana nao. Mzee alitoka Mhunze akiwa kijana kuja kutafuta dhahabu, akachimba mpaka kifua kikachoka, ndipo akafungua banda. Alituambia kwamba kwenye duara, yaani shimo walilokuwa wakichimba, makubaliano hayakuandikwa. Kabla mfuko wa mawe haujaondoka, mgawo ulitamkwa kwa sauti mbele ya wote, kila mmoja akaitikia. Asiyesikia alisema hajasikia, inarudiwa. Utaratibu huo aliuhamishia bandani. "Kila mtu mechi moja, anayefungwa anaachia pedi ya kuchezea. Mmesikia?" "Tumesikia!" "Wewe wa nyuma, mbona mdomo umefunga?" "Nimesikia mzee, natafuna kitumbua!" Hapo ndipo mchezo unaanza. Vijana wa machimboni walikuwa wanakuja pale na ubabe wao wote, lakini sikuwahi kuona ngumi.

Halafu sidii zikaanza kukwaruzika. Akaja muuzaji kutoka Nyasubi, Kahama, akamwambia mambo ya sidii yamepitwa na wakati, mashine mpya hata pa kuziingizia haina, gemu unainunua kwenye mtandao na inashuka yenyewe. Mzee akatoa katoni nzima ya sidii zake pamoja na mashine ya zamani, akaongeza kidogo, akapata hiyo mpya. Siku ya kuiwasha, kioo kikajaa Kiingereza kuanzia juu mpaka chini, na chini kabisa kitufe cha kukubali. Vijana wakapiga kelele abonyeze. Yeye akageuka akanitazama mimi, niliyekuwa mlangoni na vitumbua vyangu. "Binti, wewe uko kidato cha tatu. Simama hapa usome, utuambie wamesemaje. Wote wasikie."

Nilisimama. Nikasoma mstari wa kwanza, nikijikwaa. Mmoja akauliza, "Madamu, hicho ni Kiingereza au Kisukuma?" Banda zima likacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, kaishia darasa la nne huyo, sketi kaazima." Mzee akawaambia, "Nyamazeni. Endelea, mwanangu." Nikasoma wa pili. Kuanzia wa tatu yalikuwa maneno marefu ambayo darasani sijawahi kukutana nayo. Nikasema, "Ni maelezo ya kawaida tu, mzee. Hayana shida." Akaniuliza, "Hakika?" Nikajibu, "Hakika." Akawageukia. "Mmesikia? Hayana shida." "Tumesikia!" Akabonyeza.

Baada ya matanga mkewe alifungua banda, maana ndilo linalowalisha na lina watoto wawili wa shule mgongoni. Mashine ikadai namba ya siri. Namba alikuwa nayo marehemu, kichwani. Mama wa watu akaniomba niwaandikie kampuni ya gemu, kwa kuwa mimi ndiye msomi wao. Niliandika, na walijibu upesi, kwa adabu, wakianza na pole. Wakasema gemu zile hawakumuuzia. Walimpa ruhusa ya kuzichezea, yeye peke yake, na ruhusa hiyo hairithiwi na mke wala mtoto, kwa hiyo hawawezi kumfungulia. Wakasema alikubali mwenyewe. Ndipo nikaazima kamusi kwa mwalimu nikayasoma yale masharti yote, alasiri mbili. Yamo. Limo hata la kwamba gemu ni za kuchezea nyumbani, si za biashara ya banda.

Watu wazima huku kwetu wakigombana kuhusu gemu, wanagombania bunduki za kwenye kioo na watoto kukosa vipindi. Hili silisikii. Kitufe kimeandikwa "nunua", na ndani ya masharti wanaandika kwamba hujanunua. Mtu akinunua jembe akafa, jembe linabaki nyuma ya mlango. Zile sidii alizozitoa, hata zenye mikwaruzo, mkewe angeziwasha leo bila kumwomba mtu. Najua hapa ndipo ningepaswa kukasirika. Nimeisubiri hasira, haijaja.

Jana nilikwenda kumwambia mkewe. Alikuwa anageuza vitumbua. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikasema, "Mama, siku ile sikuelewa. Nilisoma mistari miwili, mingine nikasema tu." Hakuinua macho. "Kwa nini hukusema?" "Walikuwa wananicheka." Akaepua kimoja, akamimina kingine. "Ng'wanawane, mwanangu, mzee yule hata Kiswahili hakujua kusoma. Ungemwambia hujaelewa, angetafuta mwingine wa kumsomea. Hakuwa na haraka yule. Angesubiri." Akanifungia vitumbua viwili kwenye karatasi, nikavipokea kwa sababu sikujua namna ya kuvikataa. Mashine ataiuza. Watoto na shule yao sijui.

Kwa hiyo la kwangu ni hili, na nalisema kwa wenzangu wa sekondari ambao majirani wanatuletea barua na mikataba yao tuwasomee. Kama hujaelewa, sema hujaelewa, hata wakicheka. Wale walionicheka nimekutana nao sokoni, nikawauliza kama wanaikumbuka siku ile. Hakuna anayeikumbuka. Na banda limefungwa.