Nyuki Hawana Chapa

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa korti, nikaanzia Meru nikamalizia Embu, na nataka niseme mapema bila kuogopa mtu: nusu ya kesi nilizozigonga muhuri hazikustahili hata ile karatasi. Nasema nusu kwa sababu leo nimeamka vizuri. Siku zingine husema robo tatu.

Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha dogo. Watu wanakuja na karatasi zao za kushtaki, nazisoma, nazipa nambari, nagonga muhuri. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia mtu arudi nyumbani akajifikirie. Lakini hakuna sheria iliyonikataza kumtazama, na nilikuwa na jicho langu la kazi hiyo.

Nikiwa Meru alikuja jamaa kutoka upande wa Laare, mkono uko kwenye plasta. Alikuwa amepanda mti wa miraa wa wenyewe, alfajiri, bila ruhusa, tawi likakatika. Sasa anamshtaki mwenye mti kwa kutomwonya kwamba matawi ni mabovu. Nikamuuliza, "Angekuonya saa ngapi, na wewe hukumwambia unaenda kumwibia?" Akanijibu, "Mama, wewe gonga muhuri tu." Nikagonga. Embu nako alikuja mwingine aliyevunjika jino akinywa supu kwenye bucha. Alikuta mfupa. Haki ya Mungu, mfupa ndani ya supu ya mifupa! Aliandika kurasa nne. Nilizisoma zote na hakuna mahali alipojiuliza kama angeweza kunywa polepole.

Watoto wangu walilelewa na neno moja: ukianguka, tazama mguu wako kwanza, halafu ndio utazame jiwe. Walilichoka. Mwanangu wa pili aliwahi kuniambia kwamba siku nikianguka mimi nitalishtaki jiwe mpaka mahakama ya rufaa. Nilimpa kazi ya kuosha sufuria zote.

Nilipostaafu nilirudi nyumbani Mbeere, si mbali na soko la Kiritiri, kwenye shamba la marehemu baba. Ardhi yetu ni kavu. Tunapanda ndengu na mtama, tunafuga mbuzi, na miti mikubwa ni migunga iliyo kwenye mpaka wa chini. Kwenye migunga hiyo baba aliacha mizinga kumi na mmoja ya magogo. Kila mzinga aliuchonga chapa ya nyumba yetu, mistari miwili na duara. Ndugu zangu wa kiume wako Nairobi na hawataki kusikia habari za nyuki. Nikasema basi, nitaitunza mimi.

Hapo ndipo anapoingia jirani yangu. Tulisoma naye shule ya msingi, dawati moja. Mke wake alishafariki, naye anaishi na mbuzi wake na ukali wake, mwendo wa dakika tatu kutoka mlangoni kwangu. Siku tulipomzika baba, alisimama kando ya kaburi akasema watu wote wakisikia, "Mizinga nayo imekufa leo. Mwanamke hawezi nyuki." Ni kweli kwetu mizinga ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini kunisemea hivyo mbele ya jeneza la baba! Iliniuma, tena sana. Sikumjibu siku hiyo, na anayenijua atakuambia kwamba nikinyamaza si dalili nzuri.

Sasa elewa jinsi baba alivyokuwa akifanya. Asali kwetu hurinwa jioni, jua likianza kupoa. Mrina asali hupita asubuhi kuangalia mizinga na kuacha kamba zake, halafu hurudi jioni na moshi. Siku ya kurina, mchana, baba alikuwa akichukua fimbo yake na kuzunguka boma kwa boma kwa miguu. Alisema maneno yale yale kila mahali: "Leo jioni tunarina asali. Fungueni mifugo." Nyuki wakikasirika, mbuzi aliye huru atakimbia. Aliyefungwa kwenye kamba hana pa kwenda. Na asali ikishuka, majirani walipata kwanza, kabla hata sisi hatujalamba kidole. Hakuna aliyeiandika hiyo sheria popote, na sikumbuki ikivunjwa.

Mimi nikaamua kuiboresha. Nilikuwa karani bwana, mtu wa ilani na kumbukumbu. Mavuno yangu ya kwanza niliandika kwenye kikundi cha wasap cha kijiji: leo saa kumi na moja jioni, mizinga ya mpaka wa chini, tafadhali fungueni mifugo. Vidole gumba vikamiminika. Nilifurahi, nikasema ona, dakika moja, hakuna vumbi kwenye viatu.

Jirani yangu ana simu ya mulika mwizi, ile ya tochi na vitufe. Wasap haijui. Nami nililijua hilo vizuri, maana nilikuwa nimeicheka simu hiyo sokoni mbele ya watu. Nyumba yake ni dakika tatu. Nikaketi nikanywa chai. Nikajiambia ni mtu mzima, ana masikio, kijiji kizima kinajua, atasikia.

Jioni ile mrina asali aliangusha sega kubwa kutoka juu. Nyuki walitoka kama wametumwa. Sisi tulikimbilia ndani ya jiko lililojaa moshi, tukafunga mlango, na kutoka huko nikasikia mbuzi wakilia ng'ambo ya mpaka. Sijawahi kusikia mbuzi wakilia vile. Jirani alikimbia na panga kukata kamba. Aliwaokoa watatu. Wawili walikufa pale pale, mmoja akiwa na mimba, naye mwenyewe alivimba uso mpaka macho yakapotea. Alilala zahanati siku mbili. Nilimpelekea uji kupitia kwa dada yake. Mwenyewe sikwenda.

Baada ya wiki chache pikipiki ikasimama kwangu. Alikuwa mpeleka hati wa korti, tena alinijua. "Samahani Karani," akaniambia, kwa sababu hilo ndilo jina langu huku, "leo ni zamu yako." Mwosha huoshwa. Jirani alikuwa amenishtaki. Alitaka mbuzi wake, na alitaka korti iamuru mizinga yote iliyo kwenye mpaka iondolewe. Mizinga yote kumi na mmoja iko kwenye mpaka, kwa sababu ndiko kuliko na migunga. Ukiitoa hapo huna pa kuiweka. Inakuwa kuni, chapa ya baba ikiwa juu yake.

Ala! Nilipandwa na hasira ambayo sikujua bado ninayo. Kiritiri nzima ilinisikia. Kwa mwenye duka, kwa mama anayeuza muguka, yale majani ya kutafuna, kwa madereva wa malori ya mchanga, wote niliwaambia: hii ni kesi ya upuuzi. Nyuki ni wadudu wa Mungu! Nani alimtuma afunge mbuzi karibu na mizinga ya watu, na ameiona hapo tangu azaliwe? Siku hizi mtu hawezi kujikwaa bila kutafuta wa kumlipa! Watu walicheka, wakakubali. Mkuki kwa nguruwe mtamu, lakini sikuukumbuka msemo huo wakati ule.

Nilikwenda Embu kwa wakili ambaye nilimjua tangu akiwa mwanafunzi akinibembeleza nimtafutie faili. Alisoma hati akatabasamu. "Karani, umeshinda kabla hujaanza. Mwambie aonyeshe hao nyuki ni wa nani. Mzinga una chapa, nyuki hawana chapa. Porini kumejaa nyuki. Wewe ukisimama, sema ulitoa ilani kwa majirani, na ujumbe tunao. Kisha kaa chini." Nilitoka hapo nikicheka peke yangu barabarani. Nyuki hawana chapa! Nilikuwa nimeona mawakili wakishinda kwa hoja nyembamba kuliko hiyo.

Siku ya kesi nilivaa suti yangu ya kustaafu. Kwenye dirisha langu la zamani alikaa karani mwingine, akanisalimia kwa heshima. Hakimu alikuwa mama mmoja mtulivu mwenye miwani. Jirani hakuwa na wakili. Alikuja na koti lile lile la mazishi, na shavu moja lilikuwa bado na alama.

Nikaitwa kizimbani. Nimeona watu wengi mno wakishika ile Biblia, wengine wakiishika kama kiazi cha moto, na nilikuwa nikiwahesabia uongo wao kimyakimya kutoka kwenye kiti changu. Niliapa. Wakili akaniuliza, nikajibu nilivyofunzwa: ndiyo, nilitoa ilani, na ujumbe ni huu hapa. Hakimu akausoma. Kisha akamwambia jirani, kwa kuwa hana wakili, aniulize maswali yake mwenyewe.

Alisimama polepole. "Karani, baba yako alikuwa anakuja kwangu mchana wa kurina?"

"Alikuwa anakuja."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Wewe ulikuja?"

Wakili wangu akakohoa. Hicho kikohozi nakijua. Maana yake ni: jibu ulilofunzwa. Na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilitoa ilani kwa majirani. Kila neno ni kweli, na hakuna mtu pale angenifunga nalo. Nilimtazama yule mzee na shavu lake, nikamkumbuka mwizi wangu wa Laare aliyetaka kuonywa juu ya matawi, nikaona aibu. Yule mwizi, kwa upuuzi wake wote, alisimama dirishani akasema wazi ni yeye aliyepanda mti.

"Sikuja," nikasema. "Nyumba yako ni dakika tatu na sikuja. Niliandika kwenye wasap na nilijua simu yako haina. Nilikuwa bado na hasira ya yale uliyosema siku ya mazishi. Na nyuki ni wangu, tusidanganyane."

Wakili aliweka kalamu chini. Sikumlaumu. Hakimu alivua miwani, akamuuliza jirani kama ana neno lingine. Jirani alifunga vifungo vya koti lake.

"Mheshimiwa," akasema, "mizinga ibaki. Anirudishie mbuzi tu."

Ikaandikwa hivyo, kama maelewano, na tukatoka. Juma lile lile nilimfungulia zizi langu achague wawili. Alichagua wale bora kabisa, mjanja yule, na mmoja alikuwa na mimba.

Kuna watu walidhani basi nimebadilika, kwamba sasa nitawaonea huruma wenye kesi za supu. Wapi! Mfupa kwenye supu bado ni mfupa kwenye supu, na anayepanda mti wa wenyewe aanguke na anyamaze. Mtu abebe lake. Tofauti ni kwamba sasa nikianza kuhesabu kesi za upuuzi naanza na utetezi wangu mwenyewe, kwa sababu shauri lile halikuwa na upuuzi mwingine isipokuwa huo.

Msimu uliofuata, siku ya kurina, sikugusa simu. Mchana, jua likichoma, nilichukua fimbo ya baba nikaanza na nyumba ya jirani. Nilimkuta ameketi kivulini mwa nyumba akisuka kamba. Kamba za mbuzi zilikuwa zimelala chini, tupu.

"Mbuzi wako wapi?" nikamuuliza.

"Ng'ambo ya mto mkavu. Nimewafungua tangu asubuhi."

"Nani alikuambia?"

"Nani aniambie? Nimemwona mrina asali akipita na kamba zake. Si njia ni hii moja?"

Ukikaa miaka ishirini na sita kortini, swali linalofuata hujileta lenyewe. Lilinijia wakati huo, mwaka mzima likiwa limechelewa.

"Na ile siku nyingine," nikasema, "hukumwona?"

Aliendelea kusuka kidogo, kisha akaiweka ile kamba kwenye magoti.

"Nilimwona."

"Ukawaacha mbuzi wamefungwa?"

"Nilisema sifungui hata mmoja mpaka uje uniambie. Kama baba yako." Akapangusa shavu lake. "Nikakungoja hapa hapa. Nikakungoja mpaka nikasikia nyuki."

Moto ulinipanda kutoka kwenye nyayo. Mbuzi wangu wawili! Suti yangu ya kustaafu! Swali moja tu kizimbani na mzee huyu angeanguka kifudifudi, na si wakili wala mimi tuliolifikiria. Nilifungua mdomo nimwambie. Halafu nikaziona zile kamba tupu chini, nikakumbuka mlio ule, na yule mwenye mimba. Mimi nilikuwa nakunywa chai, yeye alikuwa ananingoja, dakika tatu katikati yetu, na mbuzi wawili hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote.

Kwa hiyo nikasema nililokuja kusema, ingawa halikuwa na kazi tena.

"Leo jioni tunarina asali. Fungua mifugo."

"Nimesikia," akasema, akainuka, akaingia ndani kunitafutia chombo cha kumletea asali yake.