Simiti kwenye Maharagwe ya Shangazi

Shangazi yangu hana simu ya kuingia mtandaoni, kwa hiyo habari zake mwenyewe alizipata kwangu. Nilimkuta uani kwake Dabani, upande wa Uganda, akipepeta, nikamwonyesha video. Ni yeye kabisa, ameinama juu ya turubai, anamwaga unga wa kijivu kwenye maharagwe na kuuchanganya kwa mikono. Ukurasa mmoja wa habari za mpakani ulikuwa umeandika kwa herufi nyekundu kwamba mama wa Uganda anatia simiti ili maharagwe yawe mazito, kisha anawauzia Wakenya.

Aliitazama mpaka mwisho. "Hiyo kitambaa nilikuwa natafuta sana," akasema. "Kumbe siku hiyo ilikuwa kwa kichwa."

Unga ule ni majivu. Kwetu maharagwe yakishapurwa, maganda yake huchomwa, na majivu yake huchanganywa na maharagwe hayohayo ili wadudu wasiyatoboe. Siku ya kuuza unapepeta, basi. Mimi nimeyala tangu nilipoota meno.

Lakini wanunuzi wake wa Busia, upande wa Kenya, walikuwa wameacha kupiga simu, na hana kingine cha kuuza. Akataka nimsomee maoni ya watu. Nilisita, akakazana. Nikasoma: afungwe, alishwe simiti yake mwenyewe, Waganda ndivyo walivyo. Kila mara alinikatiza. "Huyo ni mtoto wa nani? Ameona mimi wapi?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Mtu mmoja aliandika kwamba aliyala maharagwe hayo na mpaka leo tumbo ni zito. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilitaka kumwona mwenye ukurasa ule wa habari, nijue mtu wa namna hiyo anafananaje. Nikavuka mpaka, nikaulizia, nikaelekezwa kwenye kibanda cha kupiga picha za pasipoti nyuma ya soko. Nilijiandaa kukutana na jeuri. Nikakuta mwanamume wa rika langu, mpole, akanipa kiti na soda.

"Ulimuuliza mwenyewe?" nikamwambia.

"Sista, hiyo video ilikuja kwa grupu. Nikingoja niulize, mwenzangu ataiposti kwanza, mimi nionekane nimelala."

"Yale ni majivu."

"Majivu?" Akaweka kamera chini. "Ya nini sasa?"

Nikamweleza. Akauliza kama majivu ya kuni yanafaa pia, yanaondolewaje, na kama hayaachi ladha. Yalikuwa maswali mazuri, na yote angeweza kumuuliza shangazi kabla ya kuandika. Hilo liliniudhi kuliko matusi yote niliyosoma. Jioni aliweka masahihisho kama alivyoahidi. Walioyasoma walikuwa wachache, na wa kwanza kujibu aliuliza amehongwa nini.

Wanunuzi hawakurudi. Magunia yalijaa sebuleni, shangazi akapunguza maneno, nami nikaanza kumwogopea. Mwishowe mmoja wa wanunuzi wake wa zamani akampigia na kumshauri kama rafiki: atumie dawa ya wadudu ya dukani, ile ya pakiti, kwa sababu watu wakiona pakiti hawaulizi.

Msimu uliofuata nilimkuta uani tena, kwenye turubai lilelile. Amejifunga kitambaa puani, kuku wamefungiwa, na mkononi ana pakiti yenye picha ya fuvu. Alimwaga unga ule mweupe na kuukoroga kwa fimbo, si kwa mikono. Wapita njia walimsalimia wakaendelea na safari zao, hakuna aliyetoa simu. Baada ya hapo wanunuzi walikuja, wakasifu maharagwe yalivyo safi, na magunia yakavuka mpaka.

Siku ile ya pakiti, nilipoaga, alinifungia mfuko wa maharagwe kama kawaida yake. Nikayatazama yale ya uani, nikamuuliza amechota wapi.

"Ya kwako natoa kwa nyumba," akasema. "Ile yetu ya majivu. Hii ya nje, mwanangu, mimi siwezi kupikia mtu mwenye najua."