Kadi Yenye Mashamba Kumi na Tano

Mimi ni Sally, msusi, na kati ya duka langu na la Nyagaka pale Litein kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Nasema mapema ili mtu asiniulize niliyajuaje haya. Kutoka asubuhi kelele za gemu zake zinaingia kwangu, goli! goli!, mteja anashtuka, kitana kinamdunga sikio, halafu analaumiwa nani? Mimi.

Nyagaka alikuwa Mkisii mrefu, mkimya, mwenye shati moja la maana. Alifika Litein mwaka wa tisini na mbili akitoka Kedowa, wakati wa zile vurugu za kikabila. Huko Kedowa alikuwa na shamba, nyumba na majirani. Siku waliyofukuzwa, wenzake walibeba magodoro, yeye akabeba televisheni mgongoni, na alipofika hapa watu walimcheka sana. Mkewe, Moureen, alikataa kukaa tena karibu na watu wa lugha ya waliowachomea nyumba, yaani sisi Wakipsigis, akarudi kwao Kisii. Sikumlaumu. Nyagaka akabaki akitengeneza redio, mpaka ndugu yake wa Nairobi alipomletea mashini ya gemu ya mpira, na ile televisheni iliyochekwa ikapata kazi.

Sasa nikueleze hiyo mashini, maana bila hilo hutaelewa. Yenyewe haikuwa na pahali pa kuweka kitu. Cheza ligi kutwa nzima, ukiizima tu imesahau yote. Kilichokumbuka ni kadi moja ndogo kama kiberiti, inachomekwa pale mbele, na kadi hiyo ilikuwa na nafasi kumi na tano, basi. Nyagaka aliitafuta nyingine mpaka Kericho, akakosa. Na watu wetu ukiwaambia kuna nafasi na ni chache, wao wanasikia shamba tu. Kwa hivyo wakaziita mashamba. Huyu ana shamba kwenye kadi, yule hana, yule anamezea mate la mwenzake. Wanaume wazima, wenye chai na ng'ombe nyumbani!

Mashamba mawili yalikuwa ya pekee, na yalikaa bega kwa bega. La kwanza lilikuwa la Nyagaka mwenyewe. Alikuwa ameunda timu akaiita Kedowa, na kila mchezaji alimpa jina la jirani wa kule, Wakisii na Wakipsigis pamoja. Golini alimweka Kebaso, rafiki yake waliyepakana mashamba, ambaye tangu siku ile hakuna aliyejua kama yuko hai. Nyagaka aliichezesha Jumapili tu, baada ya kanisa, mlango umefungwa. Mimi namsikia kupitia mbao: "Kebaso, toka! Toka golini, ndugu yangu!" Nilikuwa naacha kufagia.

La pili lilikuwa la Kipkemboi, mtoto wa Tecla muuza maziwa. Kipkemboi ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza Litein kumwita Nyagaka jirani. Mwaka wa tisini na saba, vijana fulani walipokuja kusema Mkisii afunge duka, Kipkemboi alikaa mlangoni pale, akatafuna muwa wake, akawaambia wapite juu yake kwanza. Hawakupita. Alianza kuunda timu yake kwenye kadi, akaandika jina lake, Kipkemboi, namba tisa, halafu malaria ya mlimani ikamshika. Majina mengine hakuwahi kuandika.

Tangu tumzike, kila Jumatatu Tecla alikuwa akimaliza kuuza maziwa anaingia kwa Nyagaka. Nyagaka anafungua timu ya Kipkemboi, anaziweka chini padi za kuchezea, na mashini inacheza yenyewe. Tecla anamtazama namba tisa akikimbia. Siku moja nilimwuliza, nikiogopa labda akili imeanza kumruka. Akanijibu, "Sally, najua si yeye. Lakini yeye ndiye aliyemuunda."

Haya, tuje kwa ile Jumamosi ya mwaka wa tisini na tisa. Mgao wa stima ulikuwa umeanza, na kwetu ilikuwa inakatwa saa kumi na mbili jioni, bila huruma. Siku hiyo vijana wa Kapkatet, mji wa jirani, walikuja kucheza kombe na Litein. Tangu asubuhi banda limejaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Timu ya Litein iliundwa palepale, mpya, na aliyeichezesha alikuwa Kipkurui, dereva wa lori la majani chai, mtu wa mabega na mdomo. Jioni wakashinda. Wee! Nilidhani ukuta wangu umeanguka. Mimi nilikuwa namwekea Phelis dawa ya kulainisha nywele, na Phelis akaniambia, "Enda uone, lakini urudi haraka, hii kitu inachoma."

Nikaenda, nikakuta furaha imeshakatika. Watu wa Kapkatet walikuwa mlangoni wakicheka. Mmoja wao alisema waziwazi, "Mechi ya marudiano ni kwetu. Kama hamna ushindi kwenye kadi, sisi hatujui habari ya kufungwa." Na kadi ilikuwa imejaa. Ili kuweka lile kombe, lazima shamba moja lifutwe na lingine liandikwe juu yake. Stima ikikatwa kabla, kombe limekwenda na maji. Saa ya ukutani ilionyesha imebaki nusu saa.

"Nani anatoa shamba?" Nyagaka aliuliza.

Usione watu wakicheka pamoja ukadhani wako pamoja. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Huyu lake lina ligi ya mwaka mzima, yule lake ni la ndugu wawili na mmoja hayuko. Mwishowe Kipkurui akasema, "Futa la Kipkemboi. Maiti hachezi mpira."

"Na lako?" nikamwuliza.

"Langu lina mataji, mama."

"Lina mataji! Na huyo ana mama, tena uliinua jeneza la mtoto wake kwa hayo mabega yako!"

Akakohoa, lakini hakurudi nyuma. Na banda likaanza kuitikia, kwanza kwa minong'ono, halafu kwa sauti. Hata mjinga mmoja huko nyuma akasema kufa kufaana. Nyagaka alisimama mbele ya mashini, mikono nyuma, akasema kwa upole, "Hilo halifutwi." Hapo nikaona macho ya watu yakibadilika. Sauti moja ikasema, "Mkisii anatukataza kombe letu." Niliogopa, sitaki kudanganya. Maneno kama hayo tuliyajua, tulijua yanaanzaje na yanamalizikia wapi, na Nyagaka aliyajua kuliko sisi sote. Hakusogea, ila shati lilikuwa limelowa mgongoni.

Ndipo Mzee arap Chepkwony alipoinuka kwenye benchi. Alikuwa naibu wa chifu zamani, na alipenda mpira kuliko uji. Akainua fimbo. "Hii ni kesi ya shamba," akasema, "na kesi ya shamba ina kokwet yake. Kaeni chini."

Wakakaa! Haki ya Mungu, imebaki nusu saa stima ikatwe, watu wakakaa chini kufanya baraza la kijiji. Na kwenye kokwet mzee akisimama hakatizwi, hata nyumba ikiwaka moto. Akaanza na babu zetu. Akaja kwa mipaka. Akaeleza kesi ya ng'ombe aliyoiamua kule Sigor alipokuwa kijana. Kipkurui akanyanyua kidole kuonyesha saa, mzee akamwambia, "Haraka haraka haina baraka, kijana," na akarudia ile kesi ya ng'ombe kutoka mwanzo. Kule kwangu Phelis alikuwa anapiga ukuta kwa ngumi, "Sally! Sally, nywele yangu!" Watu wa Kapkatet walikuwa wanashika mbavu.

Mshale wa saa ulikuwa umekaribia juu kabisa mzee alipofika mwisho. "Mtoto wa kiume akifa bila mke na bila mtoto," alisema, "sehemu yake inarudi nyumba ya mama yake. Hilo shamba ni la Tecla. Si la Kipkurui, si la Nyagaka, si la Litein. Aulizwe yeye."

Nikatoka mbio. Nilipita kwangu, nikamwagia Phelis jagi la maji kichwani bila kusema pole, nikamkuta Tecla sokoni akiosha mitungi ya maziwa. Nilimweleza tukikimbia.

Alipoingia, watu walimpisha. Alisimama mbele ya televisheni na aproni yake iliyolowa, akatazama nyuso zote zile, watu aliowauzia maziwa, watu waliokula kwake siku ya mazishi. Wote walikuwa wakimtazama yeye, kisha saa, kisha yeye.

"Atafutika kabisa?" alimwuliza Nyagaka.

"Kabisa, Mama Kipkemboi. Lakini ukikataa, umekataa. Hakuna atakayekugusa."

Tecla aliufunga mkono wake kwenye aproni, akaufungua, akaufunga. Nilitaka apige kelele akatae. Lakini huyu ni mama aliyefundishwa kwamba jirani akiomba mbele ya watu hanyimwi. "Mimi ni mtu mmoja," alisema. "Nyinyi ni Litein yote. Chukueni tu."

Hakuna aliyeshangilia. Afadhali, maana ningemchapa mtu kitana.

Nyagaka akaketi, akachukua padi. Kwenye televisheni yale mashamba yakatokea yote kumi na tano, kila moja na kipicha kilekile cha mpira, yanafanana kabisa. Ni Nyagaka peke yake aliyejua lipi ni la nani. "Geuza uso, Mama," alisema. Tecla akageuka. Alama ikatembea juu ya vile vipicha, ikafika, ikasimama. Mashini ikauliza kama ana hakika. Kidole cha Nyagaka kikakaa pale hewani muda mrefu mpaka Kipkurui akapasuka, "Bonyeza basi, stima inaenda!"

Akabonyeza. Kombe likaandikwa. Watu walikuwa hawajamaliza kupumua, stima ikakatika, banda likawa giza. Tecla alikwisha kutoka. Nilimtafuta kwake jioni ile, akaniambia kupitia mlango kwamba anaumwa kichwa.

Jumatatu sikutarajia kumwona. Lakini alikuja, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. "Nimekuja nisimwache na uchungu," aliniambia mlangoni. "Alifanya alichoambiwa." Nikamfuata ndani, nani angebaki nje?

Nyagaka aliposikia hatua zake hakusema hujambo. Aliwasha mashini, akaziweka padi chini, akamvutia kiti. Na kule kwenye televisheni, upande wa kulia, namba tisa akatokea anakimbia.

Tecla alishika kiti kwa mikono miwili. Mimi nilianza kulia palepale, sikuona haya. Iliyofutwa ilikuwa Kedowa. Kebaso na wote wale, mpaka wa mwisho.

"Nyagaka," Tecla alisema. "Nilishatoa la mtoto wangu. Kwa nini umefuta lako?"

"Kedowa ya kwanza niliondolewa kwa moto," Nyagaka akajibu. "Hii nimetoka kwa miguu yangu. Si kitu kimoja, Mama." Alijaribu kutabasamu, ikamshinda, akageukia ukuta.

Tecla alimimina mursik kwenye kikombe, akampa, akamngoja anywe. Halafu akarudi kutazama mpira, kwa makini, kama mtu anayekagua boma.

"Huyu wa golini anaitwa nani?"

"Hana jina la mtu. Kipkemboi hakufika hapo."

"Na hao wengine?"

"Hivyo hivyo. Ni yeye peke yake mwenye jina."

"Mtoto wangu anakaa peke yake kwenye shamba lote hilo?" Tecla akasema. "Hapana. Shamba ni langu, mzee alisema mbele ya watu, na Kipkurui alisikia. Leta watu wako wa Kedowa, Nyagaka. Nafasi iko."

Nyagaka alichukua padi. Herufi zikawa zinamkimbia, ikabidi arudie mara kadhaa. Hatukumharakisha. Alipomaliza jina la kwanza, mechi ikaanza upya, na Kebaso akasimama golini nyuma ya Kipkemboi.